Rangi ya Waya Si Ushahidi

Leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo. Najua wengi mnapenda tukizungumza ya Dodoma, na mimi mwenyewe mkate wangu unatoka huko, lakini kuna jambo dogo la mtaani limenikaa kichwani wiki hizi na haliondoki. Jambo lenyewe ni nyaya za koili ya pikipiki. Ndiyo, koili. Usiondoke kwanza.

Najua unajiambia wewe si fundi, una digrii yako na kazi yako ya ofisini. Lakini tuambiane ukweli. Ni wangapi kati yetu, sisi tuliomaliza chuo juzijuzi, tuna pikipiki moja au mbili barabarani? Kijana akipata mkopo wake wa kwanza wa kazini, kabla hajawaza kiwanja anawaza bodaboda. Kila jioni anasubiri hesabu iingie kwenye simu. Halafu siku moja, badala ya hesabu, unaingia ujumbe: "Bosi, CDI imekufa. Tuma hela."

Hapo ndipo usomi wetu unapoishia. Hujui CDI ni nini, hujui kama kweli imekufa, wala hujui ni nani aliyethibitisha kifo chake. Umebaki na njia mbili tu: kutuma hela huku unanung'unika, au kumwita dereva wako mwizi. Na mara nyingi dereva naye hajui. Kaambiwa na fundi. Na fundi naye, nasikitika kusema, mara nyingine kaambiwa na rangi ya waya.

Hoja yangu ya leo ni hii: kuzitambua nyaya za koili ni kazi ya dakika chache, haihitaji cheti, na kila anayekula kupitia pikipiki, awe dereva, fundi au mwenye mali, anapaswa kuijua. Na njia ya kuijua si kukariri rangi.

Nina mfano wa karibu. Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye chuo ana pikipiki ya Kichina, zile za cc 125, ambayo amemkabidhi kijana wa kijiwe cha karibu na kwangu. Makubaliano yao ni ya kawaida: hesabu shilingi 10,000 kwa siku, matengenezo makubwa juu ya mwenye mali. Siku moja pikipiki ikazima kwenye mvua, ikagoma kuwaka. Fundi akasema koili imekufa, na kweli ilikuwa imepasuka. Akafunga mpya. Wapi. Akabadili plagi. Wapi. Siku ya pili akasema CDI nayo imeondoka na koili. Hela ikatumwa, CDI ikanunuliwa, ikafungwa. Kimya. Siku ya tatu fundi akaanza kuzungumzia magineti.

Rafiki yangu akapiga mahesabu yake: siku tatu bila kuona hata shilingi, spea tatu zimenunuliwa, na pikipiki bado imelala. Akahitimisha kwamba dereva na fundi wanamla. Akamnyang'anya kijana funguo mbele ya wenzake pale kijiweni. Kijana ana mke na mtoto mchanga, na alikuwa amekaa na ile pikipiki mwaka na nusu bila kuruka hesabu.

Aliyeimaliza kesi ile ni mzee mmoja anayetengeneza redio na feni hapo jirani. Pikipiki hazijui sana. Lakini ana mita, na ana tabia ya kutoamini anachoambiwa. Alivua kiti, akalegeza tangi, akaushika waya mmoja na kuufuata kwa vidole kutoka kwenye CDI. Ulikuwa mweusi wenye mstari wa njano. Ulipaswa kuishia kwenye koili. Uliishia kwenye bolti ya fremu! Fundi wa kwanza alikuwa ameufunga kwenye chuma akiamini ni waya wa bodi. Na ule wa kijani, ambao ndio waya wa bodi wa kweli kwenye pikipiki ile, ndio aliouchomeka pale unapotakiwa kuingia moto. Kwa siku tatu CDI ilikuwa inatuma moto wake wote kwenye chuma.

Mzee akazirudisha nyaya mahali pake. Kiki mbili, pikipiki ikawaka. Kwa udadisi wakairudisha ile CDI ya zamani. Ikawaka vilevile. Haikuwahi kufa. Kijana alirudishiwa funguo, lakini neno "mwizi" halikurudi lilikotoka.

Sasa, fundi yule hakuwa tapeli. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Alikuwa amejifunza kazi kwenye pikipiki ambazo mweusi wenye mstari wa njano ni waya wa bodi kweli. Alikuwa na elimu sahihi ya pikipiki nyingine.

Hebu tuielewe koili kwanza, maana bila hiyo tutakuwa tunakariri tu. Koili ni chuma kilichozungushiwa nyaya mbili. Waya wa kwanza ni mnene na una mizunguko michache. Wa pili ni mwembamba sana na una mizunguko maelfu. Umeme ukipita ghafla au ukikatwa ghafla kwenye ule wa kwanza, nguvu ya sumaku inabadilika, na mabadiliko hayo yanazaa umeme mkubwa kwenye ule wa pili. Michael Faraday aligundua kanuni hii mwaka 1831, na sisi tuliisoma kidato cha nne. Umeme unaotoka hapo unazidi volti 10,000, unapita kwenye ule waya mnene wa mpira hadi kwenye plagi, unaruka pengo dogo, petroli inalipuka, pikipiki inakwenda. Kwenye pikipiki nyingi ndogo za CDI, plagi huchoma kila injini inapomaliza mzunguko mmoja. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kwa sekunde.

Jambo la muhimu kwa mada yetu ni kwamba kuna mifumo miwili ya kuulisha ule waya wa kwanza, na nyaya zake hazifanani kazi.

Mfumo wa kwanza ni wa CDI, ule wa pikipiki nyingi ndogo tunazoziona mtaani. CDI ni kisanduku kidogo kinachohifadhi umeme, kawaida volti mia na zaidi, kisha kinauachia wote kwa mpigo mmoja kuelekea kwenye koili. Hapa koili inahitaji vitu viwili tu: waya unaoleta huo mpigo kutoka kwenye CDI, na njia ya kurudi kwenye bodi, yaani kwenye chuma cha pikipiki ambacho kimeungwa na upande wa hasi wa betri. Ukiwasha swichi bila kuzungusha injini, kwenye koili hii hukuti kitu.

Mfumo wa pili ni wa kukata umeme. Hapa ukiwasha swichi, waya mmoja unaleta volti 12 za betri moja kwa moja kwenye koili. Waya wa pili unakwenda kwenye kifaa kinachofunga na kufungua njia ya umeme huo kurudi kwenye bodi. Kila kikifungua, plagi inachoma. Koili hii haina waya wa bodi kati ya zile nyaya zake mbili. Ukimwomba fundi wa haraka-haraka akutafutie "waya wa bodi wa koili" hapa, atakutafutia balaa. Ukiupeleka waya wa pili kwenye bodi moja kwa moja, umeme unapita kwenye koili bila kukatwa mpaka ichemke na kuungua. Na ukiipelekea koili ya CDI volti 12 za moja kwa moja, matokeo ni hayohayo.

Haya, tuje kwenye rangi. Kampuni nne kubwa za Japani ndizo zilizoifundisha dunia pikipiki tunazoziendesha, na kila moja ilijichagulia rangi zake. Waya wa bodi kwa Honda ni wa kijani. Kwa Yamaha ni mweusi. Kwa Suzuki ni mweusi wenye mstari mweupe. Kwa Kawasaki ni mweusi wenye mstari wa njano.

Umeona tatizo? Mweusi wenye mstari wa njano, ambao kwa Kawasaki ni wa bodi, kwenye pikipiki ndogo za Honda za mfumo wa CDI ndio unaopeleka moto kwenye koili. Pikipiki nyingi za Kichina zimenakili injini na nyaya za Honda, kwa hiyo zimerithi na rangi. Ndiyo maana kijana wetu alilala njaa siku tatu.

Rangi ya chungwa nayo ina mambo yake. Kwa Suzuki ni waya unaoleta umeme wa betri kutoka kwenye swichi. Kwa Yamaha nyingi ni waya wa kuamuru koili. Rangi moja, kazi mbili tofauti kabisa.

Na ule mweusi mtupu ndio wa hatari zaidi, kwa sababu wengi tumezoea kuamini kwamba mweusi ni hasi. Kwenye betri ni kweli. Kwa Yamaha ni kweli. Kwa Honda waya mweusi mtupu ndio unaobeba umeme wa betri baada ya swichi. Ukiufunga kwenye fremu kwa kuamini ni wa bodi, umetengeneza shoti. Kama fyuzi ni nzima, itakatika na utakuwa umepona. Kama fyuzi ilishaondolewa zamani na mahali pake pakawekwa kipande cha waya wa shaba, na sote tunajua mtindo huo upo, basi nyaya zitaungua chini ya tangi la petroli. Sihitaji kuendelea.

Ongeza na maisha ya pikipiki zetu. Ikikaa barabarani miaka mitatu inakuwa imepita kwenye mikono ya mafundi kadhaa. Huyu kakata soketi, yule kaunga kwa waya wa spika, mwingine kafunga kengele ya wizi na taa za kupamba. Waya unaanza ukiwa wa kijani chini ya kiti, unafika kwenye koili ukiwa mwekundu. Katikati kuna selotepu nyeusi inayoficha historia yote. Kwenye pikipiki ya namna hii, hata ukiwa na mchoro wa kiwandani mkononi, rangi haina cha kukuambia.

Kwenye kazi yangu tunafundishwa kwamba chanzo kimoja si habari. Mtu akikunong'oneza kitu, unakiandika kwenye daftari, halafu unakwenda kutafuta chanzo cha pili kabla hujakipeleka kwa mhariri. Rangi ya waya ni chanzo kimoja. Inakupa fununu. Ukiichapisha bila kuihakiki, kuna mtu ataumia.

Chanzo cha pili ni mita. Mita ya kawaida ya kupimia umeme inapatikana madukani Kariakoo. Nimekaa na yule mzee wa redio jioni mbili akanielekeza, na nikajaribu kwenye pikipiki mbili tofauti. Hivi ndivyo inavyokwenda.

Kwanza, itafute koili yenyewe. Shika ule waya mnene wa mpira unaoingia kwenye plagi, ufuate juu hadi chini ya tangi. Unapoishia ndiyo koili. Huo mnene ndio wa kutoa moto, hauwezi kuchanganywa na kitu kingine. Zilizobaki ni nyaya nyembamba, mmoja au mbili. Zipige picha kabla hujazigusa.

Pili, kama kuna waya mwembamba mmoja tu, basi njia ya kurudi ni chuma cha koili chenyewe kupitia bolti zake. Hapo hakuna waya wa kutafuta, ila kuna uchafu wa kutafuta. Kutu chini ya bolti, au rangi mpya ya fremu aliyopiga mtu wa urembo, inatosha kuinyima plagi moto. Kwangua kidogo mpaka chuma kimeremete, kaza, jaribu tena. Ni wangapi wamenunua CDI kwa sababu ya rangi ya fremu? Sijui, lakini nadhani tungecheka tukilia.

Tatu, kama kuna nyaya mbili, zima swichi, zichomoe zote. Weka mita kwenye kipimo cha omu, kichwa kimoja kwenye chuma kisafi cha injini, kingine kwenye ncha ya waya mmoja, kisha wa pili. Ukipata waya unaosoma sifuri au karibu na sifuri, huo umeunganishwa na bodi, na karibu hakika uko kwenye mfumo wa CDI. Mwingine ndio wa moto. Usiishie hapo. Ufuate mpaka kwenye soketi ya CDI na upime mwanzo na mwisho wake: ukisoma sifuri kati ya ncha hizo mbili, ni waya mmoja kweli na haujakatika njiani. Na hakikisha waya uliouita wa bodi si ule unaotoa mpigo kwenye CDI, kama wa kijana wetu. Vipimo viwili vikikubaliana, una habari.

Nne, kama hakuna hata mmoja unaosoma sifuri, hamisha mita kwenye volti, washa swichi, pima kila waya dhidi ya chuma. Ukikuta mmoja una volti 12 hivi, uko kwenye mfumo wa pili, na ule mwingine unakwenda kwenye kifaa cha kukata. Hapo usiupeleke waya wowote kwenye bodi. Na kama pikipiki ni ya kisasa, zile zisizo na kabureta bali zinanyunyiza petroli kwa kompyuta, umeme huo unaweza kuonekana sekunde chache tu kisha ukapotea. Hiyo mwachie aliyesomea.

Tano, koili yenyewe. Pima kati ya ncha zake mbili ndogo: inapaswa kuwa omu chache sana, nyingine hata chini ya omu 1. Kisha ondoa kofia ya plagi, kwa sababu mara nyingi ina kizuizi chake ndani, na upime kati ya waya mnene na ncha ya bodi: inapaswa kuwa maelfu ya omu. Ukikuta haisomi kabisa, waya wa ndani umekatika, na hapo ndipo unaruhusiwa kusema koili imekufa. Kwenye koili nyingi za CDI, ncha inayosoma sifuri na kile chuma cha koili ndiyo ya bodi. Watengenezaji wengine walishafikiria hili, wakazipa ncha upana tofauti ili usiweze kukosea. Sisi tukakata soketi na kusokota nyaya kwa meno.

Na tahadhari moja, tafadhali. Usipime moto kwa kidole, na usipige kiki huku waya wa plagi unaning'inia hewani. Volti zile zitakurusha, na CDI isiyo na pa kupeleka moto wake inaweza kuungua kweli. Chomeka plagi kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, kisha piga kiki. Ukiona cheche ya bluu, tafuta tatizo kwingine.

Hayo yote nimeyaandika kwa Kiswahili, na sikupata shida ya maneno. Nasema hivyo kwa sababu kuna swali lililonisumbua nikiwa naandika: kwa nini sikuyakuta yameandikwa? Vitabu vya pikipiki nilivyoviona vilikuja kwa Kiingereza, na mchoro wa nyaya, kama upo, ni ukurasa wa mwisho wenye herufi ndogo za vifupisho vya rangi. Dereva anautazama kama hirizi. Fizikia ya koili inafundishwa sekondari, lakini kwa Kiingereza, na mwanafunzi anaijibu kwenye mtihani kwa kukariri. Rafiki yangu aliyemnyang'anya kijana funguo alipata B ya fizikia. Aliuchora ule mchoro wa nyaya mbili zilizozunguka chuma, akapewa maksi zake. Hakuna siku aliambiwa kwamba kitu kile kiko chini ya tangi la pikipiki anayoipita kila asubuhi.

Na si kwamba lugha haina uwezo. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, wengi wetu hatujazaliwa. Msamiati wa kitaalamu upo kabatini, na msamiati wa mafundi upo gereji: koili, plagi, bodi, shoti, "haichomi". Kinachokosekana ni mtu wa kuvikutanisha kwenye karatasi moja.

Kuna wenzangu watasema namwingilia fundi kwenye riziki yake. Nimelifikiria hilo, na sikubaliani nalo. Fundi mzuri hapotezi kitu mteja akijua. Anayepoteza ni anayeuza CDI kwa kubahatisha. Mteja akifika gereji akasema, "Koili nimeipima inasoma, waya wa bodi uko sawa, ila mpigo kutoka CDI haufiki," kazi ya fundi inakuwa nusu. Tena fundi yule wa kwanza naye aliumia: alifanya kazi siku tatu na mwisho hakulipwa hata senti.

Wengine watasema pikipiki za umeme zinakuja, hazina plagi wala koili, kwa hiyo napiga kelele za jana. Ni kweli zinakuja, na hazina plagi. Lakini zina nyaya, tena za volti kubwa zaidi, na rangi zake nazo kila kiwanda kinajipangia. Tukiingia huko na tabia ya "mweusi ni hasi, unga tu", tutaungua vizuri zaidi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote madogo. Wauzaji wa pikipiki wachapishe ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye mchoro wa njia ya moto ya pikipiki hiyohiyo wanayoiuza: swichi, CDI, koili, plagi, na rangi ya kila waya kwa jina lake kamili. Waubandike chini ya kiti. Karatasi ile haitawafilisi. Pili, sisi wa magazeti tuache kudhani kwamba habari ya bodaboda ni ajali na maandamano tu. Nilipompelekea mhariri wangu wazo la makala hii alicheka, akaniuliza kama nimebadilisha kazi. Ndiyo maana mnaisoma hapa. Tatu ni la kwako wewe mwenye pikipiki: leo hii, ikiwa nzima na inawaka, mwambie dereva wako anyanyue kiti na tangi, apige picha koili na nyaya zake zote, pande zote mbili, mchana kweupe. Mkae nazo wote wawili kwenye simu zenu. Siku ikizima, mtakuwa na cha kulinganisha kabla ya mtu yeyote kukata kitu.

Na ujumbe ule ukiingia, "Bosi, CDI imekufa," usitume hela na usimwite mtu mwizi. Muulize swali moja tu: mmeipimaje?

Mwenye uzoefu zaidi yangu, hasa mafundi, anikosoe na kuongezea. Naomba kuwasilisha.